Uzi: Nimeambiwa fonti yangu ya mwandiko ni ya wizi. Wakuu, wizi wa herufi unaanzia wapi?

Kalamu ya Mwanzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi wa kadi. Harusi, komunio, maulidi, michango, zote zinapita mezani kwangu. Kwa miaka minne, usiku duka likishafungwa, nimekuwa nachora fonti yangu mwenyewe ya mwandiko wa kuunga, ule wa mlalo wenye mikia, kwa sababu nimechoka kuona kadi ya Mbagala na kadi ya Masaki zina jina la bibi harusi lililoandikwa na mkono mmoja. Juzi nikairusha kwenye kundi la wachoraji. Chai haijapoa, mtu kajibu: "Hii si Bickham Script imepakwa poda?" Wa pili akacheka, wa tatu akaleta picha mbili kazipanga sambamba, na kufika magharibi nilikuwa nishakuwa mwizi.

Sikatai kwamba kuna kufanana. Nimejifunzia huko. Lakini hebu tumfuate huyo Bickham nyumbani kwake. George Bickham alikuwa mchonga sahani za shaba, London. Kati ya 1733 na 1741 alitoa kwa mafungu kitabu kiitwacho The Universal Penman, na kilichomo si mwandiko wake peke yake: amechonga miandiko ya walimu 25 wa kuandika, na majina yao kayaweka humo humo. Yaani yeye ananakili kwa patasi alichoandika mwingine kwa unyoya. Mwaka 1997 Richard Lipton akaichorea kampuni ya Adobe fonti kutokana na kurasa za aina hiyo, ikapewa jina la Bickham, na watu wakampigia makofi. Hata mimi nampigia. Miaka ya 60 mchora fonti Matthew Carter alishafanya vivyo hivyo kwa Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa enzi hiyo hiyo, tukapata Snell Roundhand.

Sasa mimi nikiteremsha ndoo kwenye kisima kile kile, maji yanageuka ya wizi? Naomba mnisaidie kufikiri, si kunitetea.

Kigoda cha Mbele

Nishakaa, karanga ziko mkononi. Tiririkeni.

Mzee wa Rangi

Kijana, mimi ni wa brashi, wa kabla ya mashine za kukata stika. Nimeandika vibao vya maduka, ubavu wa malori, mitumbwi, hadi majina ya marehemu makaburini. Kwetu hilo neno la kukopi halikuwepo. Tulisema "mkono". Mtu anapita barabarani, anatazama kibao, anasema huu mkono wa fulani, au huu wa mwanafunzi wa fulani. Mwaka wangu wa kwanza sikuruhusiwa kuchora herufi hata moja, nilijaza rangi ndani ya alizochora mwalimu. Wa pili nikachora kwa kufuata zake. Ulipofika wa tatu S yangu ikaanza kunigeukia yenyewe, tumbo la chini likawa kubwa kuliko la kwake. Akaitazama, akasema haya, sasa umepata ugonjwa wako.

Aliyefukuzwa pale karakana hakufukuzwa kwa kuiga. Alikwenda kuandika kibao cha bucha mtaa wa pili, akaweka sahihi ya mwalimu kwenye kona ili alipwe bei ya mwalimu.

Shabiki wa Risasi

Mzee wa Rangi, shikamoo. Hiyo ya sahihi imenikumbusha ugomvi wa miaka mia tano iliyopita.

Mwaka 1501 Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice, alitoa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kubebeka, kizima kwa herufi za mlalo. Zilikuwa ngeni kabisa kwenye uchapaji, ila macho yalishazizoea, maana ziliiga mwandiko wa haraka wa wasomi na makarani wa Italia. Aliyezichonga kwenye chuma ni Francesco Griffo. Aldus akaomba ulinzi kwa serikali ya Venice na kwa Papa, akapewa. Lakini amri ya Venice haivuki milima. Wachapaji wa Lyon, Ufaransa, wakachonga za kufanana, wakachapa vitabu vile vile kwa umbo lile lile, bila kutaja mji wala mchapaji.

Machi 1503 Aldus akatoa tangazo la kuwazindua wanunuzi. Akaorodhesha makosa ya uchapaji yaliyomo kwenye vitabu vya Lyon, akaongeza kwamba hata karatasi yake inanuka. Jamaa wa Lyon wakalichukua tangazo, wakasahihisha makosa yao kwa kufuata orodha, biashara ikaendelea. Hapa ndipo huwa nacheka peke yangu.

Ila kwenye tangazo hilo kuna jambo linalomhusu mleta uzi moja kwa moja. Kati ya dalili alizompa mnunuzi, Aldus alimwambia atazame viungo. Kwenye vya Lyon konsonanti haikamatani na irabu, kila herufi imesimama na lake. Kwenye vyake zimeshikana hata mtu adhani ni mkono ulioandika. Hakulalamika kwamba a yao imefanana na a yake. Angewezaje, wakati hiyo a wote waliitoa kwa makarani?

Na Griffo je? Aligombana na Aldus, akaenda mji wa Fano kwa mchapaji Gershom Soncino, akamchongea mlalo mwingine. Mwaka 1503 Soncino akaandika hadharani kwamba mbunifu wa kweli wa herufi zile ni Griffo. Ulinzi ulikuwa kwa jina la mwenye mtaji, kwa hiyo ndani ya himaya ya Venice aliyezichonga kwa mkono wake ndiye aliyefungiwa mlango. Mzee wa Rangi, ile sahihi ya kwenye kona, hapa aliiweka nani?

Bei ya Jumla

Hadithi tamu, lakini wakuu tusijisahaulishe. Leo hakuna anayechonga chuma. Mtu anafungua faili la fonti, anasogeza nukta mbili tatu, anabadilisha jina, anapakia sokoni anauza. Saa moja kazi imekwisha. Huyo naye tumwite mwanafunzi?

Na wakubwa ndio wa kwanza. Hermann Zapf, mchora herufi wa Ujerumani, alichora fonti ya ITC Zapf Chancery mwaka 1979. Ikaingia ndani ya printa za leza, ikawa moja ya fonti 35 zilizokuja nazo, kwa hiyo watu wengi wakaandikia nyaraka zao. Baadaye kampuni ya Monotype ikaja na Monotype Corsiva, ile tuliyoikuta kwenye kompyuta za kila steshenari, iliyoandika vyeti vya kumaliza shule vya nusu ya watu humu. Upana wa kila herufi ni sawasawa na wa Zapf Chancery, ili ukiibadilisha moja kwa nyingine mistari isihame. Maelezo yake yanasema imetokana na miandiko ya Kiitalia ya karne ya 16, ya Arrighi, yule aliyetoa kitabu cha kufundisha mwandiko Roma mwaka 1522. Sawa, Arrighi ni babu wa wote. Lakini upana wa herufi zote kulingana na za Zapf, hilo nalo limetoka kwa babu?

Zapf mwenyewe alichoka. Mwaka 1993 alijitoa kwenye ATypI, jumuiya ya kimataifa ya watu wa herufi, kwa ajili ya Book Antiqua, fonti nyingine ya Monotype iliyofanana mno na Palatino, fonti yake. Mzee wa miaka 70 na ushee anafunga mlango na kuondoka. Hakuwa anagombania mwandiko wa karne ya 16.

Kigoda cha Mbele

Cheti changu cha darasa la saba ni hiyo Corsiva. Karanga zimenikwama.

Joho la Kukodi

Naongeza la sheria kwa ufupi, maana watu hupenda kutishana na neno hakimiliki bila kujua linafika wapi.

Marekani umbo la herufi halina hakimiliki. Mwaka 1978 mahakama ya rufaa, kesi ya Eltra dhidi ya Ringer, iliikubalia ofisi ya hakimiliki kukataa kusajili muundo wa herufi. Kinacholindwa ni faili, kwa kuwa ni programu ya kompyuta, na jina, kwa kuwa ni alama ya biashara. Mwaka 1998, Adobe dhidi ya Southern Software, mahakama ilisema ule uchaguzi wa mchoraji wa wapi aweke nukta kwenye mstari ni ubunifu unaolindwa. Kwa hiyo yule jamaa wa Bei ya Jumla anayefungua faili na kusogeza nukta ana kesi. Anayechapa herufi kwenye karatasi, akaiweka chini ya kioo, akaichora upya kwa macho na mkono wake, kule hana kesi, hata akitoa pacha. Mlango mwingine uliopo kule ni hataza ya muundo, yaani haki ya serikali ya kumlinda aliyebuni umbo, na hataza ya kwanza ya aina hiyo waliyowahi kuitoa, mwaka 1842, alipewa George Bruce wa New York kwa ajili ya herufi za kuchapia.

Uingereza sheria yao ya 1988 inalinda umbo lenyewe kwa miaka 25, ila kuandika na kuchapa kwa kawaida si kosa. Mwaka 1973 mataifa yalikutana Vienna kuandika mkataba wa kulinda herufi duniani. Mpaka leo haujaanza kufanya kazi, maana walioridhia hawajafika idadi.

Mnaotumia programu ya kuchorea ya CorelDRAW fungueni orodha ya fonti mtafute Staccato 222. Mnaiona? Ile ni fonti ya Mistral, toleo la kampuni ya Bitstream. Umbo walilichukua, jina hawakuligusa, maana jina ndilo lenye askari.

Khati ya Pwani

Assalaam alaykum jamaa, niko Mombasa. Naona mwazungumza kana kwamba kuiga ni aibu inayotafutiwa udhuru. Kwenye khati ya Kiarabu kuiga ndiko kusoma. Na msisahau neno lenu hilo la hati limetoka huko huko, khatt.

Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliweka kipimo: kila herufi yapimwa kwa nukta ya kalamu na kwa urefu wa alifu. Tangu hapo mwanafunzi hukaa miaka akirudia mashki ya mwalimu, yaani kunakili vielelezo vyake, ukurasa mmoja mara mia. Mwisho huandika nakala ya kazi ya ustadhi mkubwa wa zamani, na mwalimu huandika ijaza chini yake: nimemruhusu kutia jina. Kabla ya ijaza hatii jina. Angalieni mambo yalivyopinduka. Kwenu mtu atafuta kutofanana ndipo atie jina. Kwetu ni mpaka afanane vya kutosha.

Lakini katika ile nakala hupotei ukoo. Mwenye jicho hukwambia huyu ni wa silsila gani, na bado atamtambua mwandishi. Misahafu ya Siyu, kule kisiwa cha Pate, ni hivyo hivyo: wanakili wamefuata desturi, na mtu akiona ukurasa ajua ni wa Siyu.

Kwa hiyo ndugu yangu Kalamu, kosa lako laweza kuwa moja tu: kundini hukusema "nimesoma kwa Bickham". Watu wakagundua wenyewe, na jambo likigunduliwa huonekana lilifichwa.

Kalamu ya Mwanzi

Shekhe, hiyo ya kugundulika imenichoma. Ni kweli sikusema.

Nimelala nikiwaza tangazo la Aldus. Nadhani ndilo jibu, na ndilo nililokuwa nalizunguka bila kuliona. Kwenye fonti ya kawaida ya kitabu, a inasimama, b inasimama, unaweza kuzihukumu moja moja. Kwenye mwandiko wa kuunga herufi moja peke yake ni nusu ya kitu. Kazi iko kwenye kuungana: mkia wa o unatoka juu, wa a unatoka chini, na r inayofuata lazima iwapokee wote wawili bila kuteguka. Herufi 26 ndogo ni jozi 676, na kila jozi ni swali. Huko ndiko miaka yangu minne ilikokwenda. Maumbo ya herufi nilimaliza mwezi wa tatu.

Mchukueni Roger Excoffon, huyo mwenye Mistral. Mwaka 1953, kiwanda cha Fonderie Olive, Marseille. Ni herufi za kumwagwa kwa madini ya risasi, kila moja ina umbo moja tu, hakuna ujanja wa kompyuta wa kubadilisha r ikifuata o. Akachukua mwandiko wake mwenyewe wa kila siku, akatafuta kwa kila herufi umbo moja litakaloshikana na jirani yeyote, na bado neno likaonekana limeandikwa kwa pupa na mtu mwenye haraka ya kwenda kula. Mabega yanapanda na kushuka, hakuna mstari wa chini ulionyooka. Ndiyo maana ilivuka bahari hadi milango ya saluni zetu. Brush Script ya Robert E. Smith, 1942, ilitangulia na inaunga vizuri, lakini inaunga kwa utaratibu wa gwaride.

Ukichukua maumbo ya Mistral ukabuni viungo vyako, utakuwa umefanya kazi mpya inayofanana. Ukichukua viungo ukabadilisha maumbo, kilichobebwa ni uti wa mgongo, na mtu wa kawaida hataona. Kwa hiyo wale wanaopanga picha mbili sambamba za herufi A kubwa wanapima kitu kisichopimika hivyo. Waniletee neno zima.

Bei ya Jumla

Mkuu, hapo nakukubalia nusu. Viungo navyo vinaibika. Kwenye faili la kisasa jedwali zima la "ikija hii baada ya hii, weka ile" linakopika kwa dakika. Na za bure ndizo zinazoliwa zaidi. Fonti ya Lobster ya Pablo Impallari, Muargentina, ilitoka 2010 kwa leseni huria. Sifa yake kubwa ni zile jozi zilizochorwa maalumu, na leseni inaruhusu kuibadilisha, ila toleo lako lazima libaki kwenye leseni ile ile na haliuzwi peke yake. Nimekutana na jamaa anauza moja ya aina hiyo kwa jina jipya la Kiswahili, kabisa na bei.

Kwa hiyo swali langu halijafa. Tutajuaje viungo vyako ni vyako?

Mama Kadi

Ngoja niwasaidie, maana nyie wanaume mnaweza kukesha. Mimi nauza kadi miaka 11, sichori, napanga tu. Nina daftari la majina yanayoniharibikia. Ukitumia Edwardian Script au hizo za bure, jina la Kiingereza linateleza kama mafuta. Weka Mwanakombo, Nyabwire, Ng'wanza, Nkwabi, Mchungahela. Hapo ndipo utajua fonti ni mgeni. Mw inaacha pengo. Ile ng' ndiyo kichekesho, kialama kinaingia katikati na kukata uzi, g inabaki na mkia hewani, neno linakuwa vipande viwili. Nimewahi kuchapa upya kadi 300 kwa sababu baba mkwe alisema jina la ukoo wake limevunjwa mguu.

K, W, M na Z kwetu zinaanza kila kitu, na ndizo herufi ambazo fonti nyingi za mikia zimezipa mkia wa haraka haraka. Mwaliko, Bwana na Bibi, Karibuni, Wazazi wa. Mnaelewa?

Kalamu, andika hapa "Ng'wanakwabi anawakaribisha" kwa fonti yako, utume picha. Kama ng' umeiunga, hukuikuta kwa Bickham wala kwa mtu yeyote, maana yeye hakuwa na ng'.

Mzee wa Rangi

Mama kamaliza.

Shabiki wa Risasi

Hajamaliza, kafungua! Mwaka 1557 huko Lyon, ndiyo, Lyon ile ile, Robert Granjon alichonga herufi za kufuata mwandiko wa mkono wa Wafaransa. Hoja yake ilikuwa kwamba Waebrania, Wagiriki na Warumi wana herufi zao, sasa kwa nini Mfaransa aazime mlalo wa Kiitalia? Mfalme Henri II akampa ulinzi wa miaka kumi. Mwaka uliofuata tu Philippe Danfrie na Richard Breton wakawa nazo Paris, za mtindo ule ule. Zikaja kuitwa Civilité, kwa sababu ya kitabu cha adabu za watoto kilichochapwa kwazo. Hakuwazuia. Lakini alichonga kwa jozi za lugha yake, na hao waliomuiga Paris nao waliandika Kifaransa.

Kalamu ya Mwanzi

Nimerudi. Picha hiyo hapo juu. Nasema ukweli mbele yenu: ng' sikuwa nimeiunga. Miaka minne, nachora Dar es Salaam, fonti ya kadi za Kiswahili, na orodha yangu ya majaribio ilikuwa ile niliyoikuta kwenye somo la mtandaoni. Maneno yote ya Kiingereza. Mw nayo ina pengo, Mama Kadi, ukubwa wa punje ya mchele. Nikaangalia pia jozi ya o na r. Nilidhani nimeichora mwenyewe, kumbe mkono umeikariri kutoka kwa Lipton, pembe ile ile. Wale jamaa wa kundini walioleta picha hawakuiona hiyo, wao walishikilia A kubwa.

Hiyo jozi ya o na r nimeifuta. Ng' nimejaribu njia tatu usiku huu. Ya kwanza kialama kinaning'inia juu ya mkia wa g na mkia unapita chini yake bila kukatika. Ya pili mkia wa g wenyewe unapanda, unajikunja, unakuwa kialama, halafu unashuka kuishika w. Ya tatu niliifuta kabla ya adhana.

Mama, nitumie hilo daftari.

Mama Kadi

Ya pili. Ila isogeze kushoto kidogo, inamgonga w kichwani. Daftari nalipiga picha kesho nikifungua duka, kurasa ni nyingi.

Khati ya Pwani

Na ukiirudisha kundini, andika chini: "Nimesoma kwa Bickham, ng' ni yangu."